Dizeli inazima njiti ya kiberiti, lakini injini yake haina plagi. Hapa nani anamdanganya nani?

#1 Nati Legevu
Wakuu, salama. Kuna kitu kinanisumbua tangu juzi. Nilikuwa naosha nati kwenye kopo la dizeli, akaja jamaa yangu mmoja mpenda utani. Akawasha njiti ya kiberiti na kuidumbukiza ndani ya kopo. Mimi huyo, mbio. Nageuka nyuma naona kopo limetulia, njiti imezimika "chss" kama imetiwa kwenye maji. Ingekuwa petroli nisingekuwa hapa naandika uzi.

Sasa swali. Injini ya petroli haiwaki mpaka plagi itoe cheche. Injini ya dizeli haina plagi, mafuta yanajiwakia yenyewe. Yaani ile inayokataa kiberiti ndiyo inayojiwakia, na ile inayodaka moto kwa mbali ndiyo inayosubiri cheche? Kuna uongo mahali. Ama kwenye plagi, ama kwenye mafuta.

#2 Kiti cha Mbele
Nimeshakaa. Waje wajuzi.

#3 Mzee Spana
Hakuna uongo, ni hewa tu. Injini ya petroli inabana hewa mara 8 hadi 12 hivi. Dizeli inabana mara 14 hadi 22. Hewa ikibanwa inapata moto. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole gumba, sukuma haraka mara kumi, halafu shika shingo ya pampu. Utaachia mwenyewe. Na huo ni mkono wa mtu. Kwenye silinda ya dizeli hewa inavuka nyuzi 500 kabla nozeli haijapuliza hata tone. Mwaka 1900 kwenye maonyesho ya Paris waliendesha injini ya Rudolf Diesel, yule aliyeibuni, kwa mafuta ya karanga na ikaenda. Kwa hiyo siri haiko kwenye mafuta. Iko kwenye hewa. Funga uzi.

#4 binti_gia
Mzee Spana shikamoo. Gari langu ni dizeli na lina plagi nne. Nimezinunua mwenyewe. Sasa hiyo "haina plagi" inatoka wapi?

#5 Mzee Spana
#4 marahaba binti. Hizo ni hita plagi. Hazitoi cheche, zinakuwa nyekundu kama jiko la umeme na kupasha chumba wakati injini ni baridi. Injini ikishapata moto, chomoa waya zake zote na gari litaenda.

#6 Pembe Tatu
Mzee Spana kajibu nusu. Kama ni hewa tu, mimina petroli kwenye injini ya dizeli uone kama itakwenda kwa raha.

Mleta mada umechanganya vitu viwili. Cha kwanza ni kutoa mvuke. Kimiminika chenyewe hakiwaki, kinachowaka ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa. Petroli ina molekuli fupi, kaboni 4 hadi 12 hivi kwa kila moja, zinaruka hewani kirahisi. Hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri inatoa mvuke wa kutosha kudaka cheche. Dizeli ina minyororo mirefu zaidi, kaboni 10 hadi 20 na kidogo, inang'ang'aniana. Mpaka ifike kama nyuzi 55 ndipo mvuke unatosha. Njiti yako ilipita sehemu isiyo na mvuke wa maana, ikazama.

Cha pili ni kujiwakia bila kuguswa na moto wowote. Hapo mpangilio unageuka. Dizeli inajiwakia kwenye kama nyuzi 210. Petroli inataka 250 na kuendelea, kutegemea imechanganywaje. Kwa hiyo hakuna aliyekudanganya. Ni maswali mawili, wewe unayadai jibu moja.

#7 Nati Legevu
Kwa hiyo dizeli kwa nje mkavu, hacheki na mtu, ila ukimfungia chumbani analipuka mwenyewe. Namjua mtu wa hivyo.

#8 Lita Kumi
Mnazunguka sana. Dizeli ni nzito na ina nguvu nyingi kuliko petroli, ndiyo maana inajilipua. Kila dereva anajua dizeli inakwenda mbali.

#9 Pembe Tatu
#8 kwa kilo zinakaribiana kabisa, na petroli inaizidi kidogo. Kwa lita ndipo dizeli inashinda, kama sehemu moja ya kumi hivi, kwa sababu lita ya petroli ina uzito wa karibu gramu 750 na ya dizeli inapita 830. Unanunua kwa lita, basi unaona dizeli ina nguvu. Halafu wingi wa nishati hauamui nani awake kwanza. Kipande cha mkaa kina nishati kuliko karatasi ya uzito uleule. Kipi kinashika kwanza?

#10 Dereva wa Usiku
Kabla hamjaendelea na hesabu zenu, kuna watu watasoma #1 waende kujaribu. Msijaribu. Dizeli kwenye kopo lililopoa ni kitu kimoja, dizeli kwenye tambara ni kitu kingine kabisa. Tambara linafanya kazi ya utambi. Na dizeli iliyoingiwa na petroli kidogo tu haitakuzimia njiti.

Mimi yalinikuta. Nilifuta mafuta yaliyovuja kwenye injini, nikaliacha tambara juu ya bomba la ekzosi, pale karibu kabisa na injini, nikafunga boneti na kuondoka. Mwendo wa dakika chache naona moshi mweupe unatoka pembeni mwa boneti. Kufungua tu, tambara likashika mbele ya macho yangu, vuu! Hakukuwa na cheche, waya uliochunika wala sigara. Bomba lilikuwa la moto tu, basi. Wakati ule nilisema ni mkono wa mtu. Leo nimesoma #6 nikacheka peke yangu.

#11 Kibaba
#10 pole mkuu. Ongezea na dumu tupu. Watu wanaliogopa dumu lililojaa petroli na kulichezea tupu. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ukizidi hapo hauwaki, umesonga. Dumu lililobakiwa na matone ndilo linaloweza kuangukia katikati.

#12 Bomba la Juu
Mimi nampinga Mzee Spana na Pembe Tatu kwa pamoja. Si joto, ni shinikizo. Dizeli inabanwa mpaka inapasuka. Ndiyo maana inaitwa injini ya kompresheni.

#13 Mzee Spana
#12 asubuhi ya baridi kompresheni ni ileile, pistoni zilezile. Mbona haiwaki mpaka hita plagi zifanye kazi? Joto, kijana.

#14 Pembe Tatu
#12 hajakosea kote. Shinikizo likipanda, molekuli za oksijeni zinasongamana, na joto linalohitajika ili mafuta yajiwakie linashuka. Zile nyuzi nilizotaja ni za hewa ya kawaida, si za ndani ya silinda. Ila kinachobanwa ni hewa. Dizeli inaingia mwishoni.

#15 mwanafunzi_wa_usiku
Naomba kuuliza. Kwa nini mnyororo mrefu ujiwakie mapema? Mimi ningedhani kirefu ni kigumu.

#16 Pembe Tatu
#15 swali zuri. Angalia joto la kujiwakia: metani yenye kaboni 1 ni kama nyuzi 540. Propani yenye 3, kama 470. Heksani yenye 6, kama 225. Heksadekani yenye 16, kama 200. Kamba ndefu ina sehemu nyingi za kukatikia, na kila inapokatika inazaa vipande vyenye njaa vinavyovamia vingine.

#17 Kibaba
Nilikuwa nakusubiri hapo hapo. Etha. Ile ya kupuliza kwenye injini iliyogoma. Kaboni zake ni 4 tu. Mvuke wake unadaka cheche kwenye nyuzi 45 chini ya sifuri kama petroli, na inajiwakia kati ya 160 na 180, chini hata ya dizeli. Ni fupi, nyepesi, na inajiwakia mapema. Urefu uko wapi?

Na si hiyo tu. Oktani ina C8H18. Kuna ile iliyonyooka na kuna ile yenye matawi, iso-oktani. Kaboni zilezile 8, haidrojeni zilezile 18, uzito uleule. Iliyonyooka inajiwakia kwenye kama nyuzi 210. Yenye matawi inavuka 400. Nadharia ya kamba ndefu tuizike saa ngapi?

#18 Kiti cha Mbele
Nasogeza kiti.

#19 Pembe Tatu
#17 nakubali nusu. Niseme umbo, si urefu peke yake. Minyororo mirefu ya dizeli mingi imenyooka, ndiyo maana kanuni yangu inafanya kazi kwenye mafuta ya gari. Etha ina oksijeni katikati yake, hiyo ni familia nyingine.

#20 Kibaba
"Nakubali nusu." Haya.

#21 Cheche Baridi
Nimekuwa nikisoma kimya, ila hapa niingie. Mnaongea kama vile joto linakata kamba kwa kisu. Kwenye joto la kujiwakia, nyuzi mia mbili na kitu, kifungo cha kaboni kwa kaboni hakikatiki hivihivi. Anayeanza ni oksijeni.

Inakuwa hivi. Haidrojeni moja ikinyofolewa kwenye mnyororo, inabaki sehemu iliyo wazi na oksijeni inajipachika hapo. Sasa mnyororo mrefu ulionyooka unaweza kujikunja kama mtu anayejikuna mgongo, ile oksijeni ikafikia haidrojeni nyingine kaboni kadhaa mbele na kuinyofoa. Inazaliwa peroksidi. Peroksidi ni kitu legelege, kinavunjika vipande viwili, kila kipande kinakwenda kunyofoa kwingine. Moja inazaa mbili, mbili nne. Huo ndio moto unaoanza bila cheche.

Iso-oktani ina kaboni moja katikati iliyozungukwa na kaboni nne, haina haidrojeni hata moja. Na ncha zake nyingi ni zile zenye haidrojeni tatu tatu zilizoshikwa kwa nguvu. Oksijeni ikijikunja haipati cha kunyofoa kirahisi. Na etha ya #17, ile oksijeni yake ya katikati inazilegeza haidrojeni za jirani. Kwa hiyo wote wawili mnaingia humu.

Hatua hizo za mwanzo zinaweza kutoa mwanga hafifu wa samawati usio na joto kubwa. Mkemia Mwingereza Humphry Davy aliuona kwa etha mwanzoni mwa karne ya 19. Unaitwa moto baridi, na jina langu la humu nililitoa hapo.

#22 binti_gia
Kujikuna mgongo nimeelewa. Mengine nitarudia kesho.

#23 Lita Kumi
Mmetaja oktani. Basi ile petroli ya 95 ina oktani asilimia 95, sivyo? Na Wamarekani wanatumia 87, mafuta hafifu kuliko ya Ulaya. Nchi tajiri vile.

#24 Kibaba
#23 mawili kwa mpigo na yote umekosa.

95 maana yake petroli hiyo inastahimili kugonga (yaani kujiwakia ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaifikia) sawa na mchanganyiko wa iso-oktani sehemu 95 na heptani, mnyororo ulionyooka wa kaboni 7, sehemu 5. Ndani yake kunaweza kuwa na iso-oktani kidogo tu. Iso-oktani walipewa 100, heptani 0. Kipimo hicho kilianza miaka ya 1920, kazi ya mkemia Graham Edgar. Heptani safi waliipata kwenye utomvu wa msonobari wa Jeffrey, mti wa Marekani. Na ile oktani iliyonyooka, ndugu yake iso-oktani wa damu moja, kwa kipimo hicho iko chini ya sifuri. Jina lilipewa mmoja, sifa akachukua mwingine.

Kuhusu Marekani, kule wanaandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON. Ulaya wanaandika RON peke yake. 87 yao ni kama 91 au 92 ya RON.

#25 Lita Kumi
Sawa, lakini oktani kubwa inaongeza nguvu. Hilo hamuwezi kulipinga.

#26 Cheche Baridi
Tunaweza. Ethanoli ina RON ya kama 108, na nishati yake kwa lita ni pungufu kwa theluthi moja ukilinganisha na petroli. Oktani ni uvumilivu tu. Injini iliyotengenezwa kubana zaidi inaufaidi huo uvumilivu. Isiyobana sana unailipia bure.

Dizeli inapimwa kinyume chake, kwa kipimo kinachoitwa setani. Heksadekani iliyonyooka ina 100, maana tunataka ijiwakie upesi. Ulaya dizeli lazima ifike 51, Marekani 40. Mleta mada, swali lako lote liko hapo. Petroli inasifiwa kwa kukataa kujiwakia, dizeli inasifiwa kwa kukubali.

#27 Nati Legevu
#26 hapo sasa nimeshika mkia wa jambo.

#28 Dereva wa Usiku
Wazee walikuwa wanasema petroli ya zamani ilikuwa na risasi. Nilipokuwa mdogo nikidhani ni za bunduki.

#29 Kibaba
Risasi ya madini mkuu. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kuwa kiambato fulani cha risasi kikitiwa kidogo kwenye petroli, kugonga kunakoma. Kikasambaa dunia nzima na sumu yake. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, 2021. Sasa imekwisha.

#30 Cheche Baridi
Kwa magari. Ndege nyingi ndogo za pistoni bado zinatumia petroli yenye risasi. Na risasi inaunga mkono #21: ndani ya silinda inageuka chembe ndogo zinazonasa vile vipande vyenye njaa kabla havijazaana. Kama ingekuwa ni suala la hewa ya moto tu, risasi ingefanya nini?

#31 Mzee Spana
Naona nasemwa. Mimi naongea ninachokiona gereji. Leteni jambo la kazi: mtu akikosea mafuta, lipi baya? Nyie wa kemia mjibu.

#32 Pembe Tatu
Dizeli kwenye injini ya petroli ni aibu tu. Haigeuki mvuke vizuri, plagi zinalowa, moshi, injini inazima. Unamwaga, unasafisha, unaondoka. Petroli kwenye dizeli ndiyo mbaya. Inachelewa kujiwakia, ikishika inashika yote kwa pamoja, ndiyo ule mlio wa kugonga kama nyundo.

#33 Mzee Spana
Jibu la darasani. Kinachoua si kugonga. Ni pampu. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe. Petroli inaosha ule utelezi, chuma kinakula chuma. Niliwahi kufungua moja iliyoendeshwa hivyo kutwa nzima. Nilichovya kidole kwenye mafuta yaliyobaki ndani, nikakipeleka juani. Kilikuwa kinameta kama kimepakwa unga wa kioo. Huo wote ni chuma cha pampu, na umeshatembea mpaka kwenye nozeli. Mwenye gari alikuwa ananiuliza kama nitamaliza jioni.

#34 Bomba la Juu
Ndiyo maana dizeli yenye salfa nyingi ni bora. Salfa ndiyo inayolainisha. Hizi za kisasa zinaua pampu.

#35 Pembe Tatu
#34 wengi wanaamini hivyo. Salfa yenyewe haina utelezi wa maana. Ili kuiondoa wanapitisha haidrojeni kwenye mafuta kwa joto na shinikizo, na hiyo haidrojeni inaondoka pia na viambato vya oksijeni na naitrojeni ambavyo ndivyo vilivyokuwa vinang'ang'ania chuma. Wanarudisha kilainishi baadaye. Ulaya wako kwenye sehemu 10 za salfa kwa milioni tangu 2009 na dizeli zao zinakwenda.

#36 Mzee Spana
Zinakwenda kama hicho kilainishi kimetiwa.

#37 mwanafunzi_wa_usiku
Samahani, nje ya mada kidogo. Nimesoma kuwa lita moja ya petroli inatoa kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Lakini #9 anasema lita ina gramu 750. Kitu kitoe moshi wenye uzito mara tatu yake?

#38 Kibaba
Uzito mwingine unatoka hewani. Katika hizo gramu 750 kaboni ni kama 635. Kila gramu 12 za kaboni zinachukua gramu 32 za oksijeni na kuwa 44. Zidisha 635 kwa 44, gawa kwa 12. Unapata kama 2,330. Tangi lako linabeba sehemu ndogo ya mapishi tu, sehemu kubwa injini inaivuta njiani.

#39 Lita Kumi
Na yote hayo ni mizoga ya dinosauri. Ajabu.

#40 Cheche Baridi
Si dinosauri. Ni vijimea na vijidudu vya majini vilivyozikwa kwenye tope la chini ya bahari na maziwa, kisha vikapikwa kwa mamilioni ya miaka kwenye nyuzi 60 hadi 120 hivi. Joto likizidi sana unapata gesi.

#41 Bomba la Juu
Hiyo ni nadharia moja. Mendeleev mwenyewe, mwenye jedwali la elementi, alisema 1877 kuwa mafuta yanatoka chini kabisa ya dunia, maji yakikutana na kabidi za chuma, yaani chuma kilichoungana na kaboni. Mbona hamumtaji?

#42 Kibaba
Alisema. Ila miaka ya 1930 mkemia Mjerumani Alfred Treibs alikuta ndani ya mafuta ghafi molekuli zenye umbo la kile kinachofanya majani yawe ya kijani. Kabidi ya chuma haioti majani.

#43 Bomba la Juu
Zinaweza kuwa ziliokotwa njiani mafuta yakipanda.

#44 Kibaba
Zote? Haya, fungua uzi wako tutakuja.

#45 Mzee Spana
Turudi. Mmeandika mengi na nimejifunza ile ya kujikuna mgongo. Lakini toa hewa ya moto kwenye silinda, halafu mniambie hiyo peroksidi inazaliwa wapi.

#46 Cheche Baridi
Na wewe weka iso-oktani tupu kwenye hewa yako ya moto, ukae na stata mkononi.

#47 Nati Legevu
Asanteni wakuu. Nimemuuliza yule jamaa aliyetupa njiti kama alijua haya yote. Anasema hata hakujua kama ni dizeli. Alidhani ni petroli iliyokaa mwaka mzima, na kwa imani yake petroli ya zamani haiwaki.

#48 Dereva wa Usiku
Subiri kwanza. ALIDHANI NI NINI?

#49 Pembe Tatu
Petroli iliyokaa inapoteza sehemu zake nyepesi na kufanya ulimbo unaoziba kabureta. Injini inaweza kuigomea. Kiberiti hakiigomei. Mwambie leo hii.

#50 Nati Legevu
Simu yake haipatikani. Na kopo alikuja kuniazima asubuhi.